Protini Huhesabiwa Tumboni mwa Samaki: Mwongozo kwa Wenye Mabwawa ya Masisi na Walikale

Soya kavu ina protini ya asilimia 36 hadi 40, karibu maradufu ya nyama mbichi ya ng'ombe, na bado tilapia anayelishwa soya mbichi iliyosagwa hudumaa. Kama una bwawa Nyabiondo, Kitchanga, Mweso au Itebero, huenda umeshaliona jambo hili bila kupata maelezo yake: unga umemwagwa kila siku, samaki wameukimbilia na kuumaliza, miezi 6 imepita, na siku ya kukausha bwawa unakuta samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Lawama huangukia mbegu mbaya au jirani anayevua usiku. Mbegu mbaya zipo, na wezi wapo, lakini mara nyingi kosa liko kwenye chakula chenyewe, na haswa kwenye kile kinachotokea baada ya samaki kukimeza. Mwongozo huu unashikilia neno moja: protini haihesabiwi kwa kilo ulizotupa majini, inahesabiwa kwa kile ambacho vimeng'enya vya tumbo la samaki vimeweza kukikata. Mashauri yote yanayofuata, ya kuchemsha, ya kungoja jua, hata ya kung'oa vichwa vya kamba, yanatoka hapo, na baadhi yanabadilika ukishuka kutoka vilima vya Masisi kwenda msitu wa Walikale.

Protini ni mnyororo mrefu wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, na ukuta wa utumbo hauwezi kuupitisha mnyororo mzima. Lazima ukatwe. Kazi hiyo ni ya vimeng'enya, na kila kimoja ni mkasi wenye mahali pake pa kukatia. Cha kwanza kujulikana ni pepsini, aliyoigundua Theodor Schwann huko Ujerumani mwaka 1836. Hufanya kazi tumboni penye asidi kali. Cha pili, tripsini, kilipewa jina na Wilhelm Kühne mwaka 1876. Hutoka kwenye kongosho na kufanya kazi ndani ya utumbo, mahali pasipo na asidi. Tilapia ana vyote viwili. Usilitafute kongosho lake ukimpasua, kwa sababu limetawanyika ndani ya ini na kandokando ya utumbo, hulioni kama donge moja. Tripsini ina cheo cha pekee: ndiyo inayoviamsha vimeng'enya vingine vya kongosho, ambavyo humwagwa utumboni vikiwa bado vimelala. Ikizuiliwa hiyo peke yake, kikosi kizima kinakaa bure. Tena tripsini haikati popote. Hukata tu pale penye lisini au arginini, asidi amino mbili kati ya zile 20. Uliweke akilini jambo hilo, litarudi tutakapofika kwenye kikaango.

Kamba wa mtoni na kaa wamejengwa kwa namna nyingine. Hawana tumbo la asidi kali kama la tilapia wala hawategemei pepsini. Chakula chao husagwa kwanza, kisha hukutana na maji ya kiungo kimoja kikubwa kinachofanya kazi za ini na kongosho pamoja, kilichojaa tripsini na vimeng'enya vingine vya jamii mbalimbali. Kwa kamba, kiungo hicho kimekaa kichwani, chini ya gamba. Mwenye bwawa la tilapia anaweza kuona kwamba habari hii haimhusu. Inamhusu mama anayekinga kijito cha msitu wa Walikale na kuyatoa maji kwa beseni ili avue kamba, na tutamrudia.

Sasa soya. Mmea huu hautaki mbegu zake ziliwe, na umejiwekea ulinzi: protini ndogo zinazoishika tripsini, moja kwa moja, na kuibana isiweze kukata tena. Wamarekani Osborne na Mendel walionyesha mwaka 1917 kwamba panya waliolishwa soya hawakukua vizuri mpaka soya ilipopikwa, na mwaka 1945 Moses Kunitz alikuwa amekwisha kukisafisha kizuizi kimojawapo mpaka kikawa fuwele. Kizuizi hicho cha Kunitz huharibiwa na moto bila taabu nyingi. Kuna cha pili, kidogo zaidi na chenye viungo vilivyofungwa kwa nguvu, ambacho huvumilia moto kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana soya iliyoonjeshwa maji ya moto dakika 10 bado ni soya mbichi kwa hesabu ya samaki. Maharagi nayo yana vizuizi vya namna hiyo, pamoja na sumu ziitwazo lektini zinazouumiza utumbo; kwa hiyo maharagi mabovu ya stoo yasimwagwe bwawani kabla ya kupikwa vizuri.

Hapa mfugaji wa Masisi ana pingamizi lake, na ni la haki: ng'ombe wangu hula soya mbichi na maganda yake, na maziwa hayapungui. Ni kweli. Ng'ombe mzima ana tumbo kubwa la kwanza lenye vijidudu vinavyokivunja kizuizi kabla hakijafika penye tripsini. Samaki hana tumbo hilo, kuku hana, nguruwe hana, na sisi hatuna. Wengine husema kwamba tilapia ana asidi kali mno tumboni, basi asidi itakiunguza kizuizi. Asidi ni kali kweli, lakini kizuizi kile cha pili huvumilia asidi na pepsini vilevile kinavyovumilia moto mdogo, na kinaingia utumboni kikiwa kizima. Ukimpa samaki soya mbichi humpi kitu bure tu. Unamnyang'anya pia sehemu ya protini ya vyakula vingine alivyokula siku hiyo, kwa sababu tripsini iliyobanwa ni ile ile ambayo ingevishughulikia.

Basi ipike, na uipike kwa hesabu ya mahali ulipo. Loweka soya usiku mmoja, mwaga maji yale, kisha chemsha. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za chini, na vinataja nusu saa tangu maji yanapoanza kutokota. Kwenye vilima vya Masisi maji hayafiki nyuzi 100: penye mita 1,500 juu ya bahari hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, na penye mita 2,000 ni 93. Wapishi wa maharagi wa huko wanalijua hili kwa miaka yote bila kuambiwa na kitabu. Kwa soya ya samaki, nusu saa ya kitabu iwe saa nzima Masisi, na Walikale mjini, ambako ni chini zaidi na maji hukaribia nyuzi 98, dakika 40 zinafaa. Punje iliyoiva hupondeka katikati ya vidole viwili bila kuacha kiini kigumu. Baada ya hapo ianike, isage, uichanganye na pumba za mahindi au za mpunga. Kukaanga pia kunafaa, na hapa ndipo lisini inaporudi. Soya iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi imeunguza lisini yake, imeifunga na sukari za punje, na tripsini haiwezi kukata palipoungua. Kwa hiyo soya iliyoungua na soya mbichi humfikisha samaki pabaya pale pale kwa njia mbili tofauti. Rangi ya kutafuta ni ya kahawia isiyokolea, na harufu ni ya karanga, si ya moshi.

Kuna njia ya kuipima kazi yako bila maabara, na inastahili kufanywa angalau kwa kila gunia jipya. Chukua kijiko cha unga wa soya uliyoipika na kuikausha, utie kwenye chupa ndogo, ongeza kijiko kimoja cha mbolea ya urea na maji ya uvuguvugu kidogo ya kulowanisha. Fanya hivyo hivyo kwenye chupa ya pili kwa unga wa soya mbichi. Zifunge, ziweke mahali penye joto nusu saa, kisha uzifungue na kunusa kwa uangalifu. Chupa ya soya mbichi itatoa harufu kali ya amonia, ile ya zizi lisilofagiliwa, kwa sababu soya ina kimeng'enya kingine kinachoivunja urea. Kimeng'enya hicho hufa kwa moto karibu sawa na vizuizi vya tripsini, na ndiyo sababu viwanda vya chakula cha mifugo hukitumia kama kipimo. Chupa ya soya yako ikitoa harufu ile ile, rudisha sufuria motoni. Ikiwa haitoi, soya imeiva. Unga wa majaribio utupwe. Usipewe samaki wala kuku.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kuni. Makala ni ghali, miti ya vilima vya Masisi imekwisha mahali pengi, na kumwambia mtu achome kuni saa nzima kwa ajili ya samaki ni kumtania. Jibu la kwanza ni kupika kwa wingi mara moja kwa wiki mbili au tatu na kukausha, badala ya kidogo kidogo kila siku. Soya iliyoanikwa vizuri hukaa. Jibu la pili ni gumu zaidi kulisikia: kama huwezi kuipika, usiitupe bwawani. Iuze, au ipelekee kinu kinachotengeneza sosoma ya watoto, ambako itakaangwa na kusagwa kwa mahindi na mtama, na umlishe samaki wako kwa njia isiyohitaji moto. Njia hiyo ipo, na kwa tilapia ndiyo ya msingi.

Ushahidi wake ulitoka jirani kabisa, Ziwa George la Uganda, ng'ambo ya Ziwa Edward. Mtafiti Moriarty, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1973, alionyesha kwamba tilapia wa Nile anayekula mwani wa kijani-buluu wa ziwa lile hukoleza asidi ya tumbo lake hadi pH 1.4. Kuta za chembe za mwani ni ngumu kwa vimeng'enya. Asidi hiyo ndiyo inayozipasua, kisha tripsini inakuta kazi imefunguliwa. Jambo la kupendeza ni kwamba asidi haiko kali saa zote. Usiku tumbo hupumzika. Asubuhi, samaki anapoanza kula, mwani wa kwanza hupita tumboni kabla asidi haijatosha, na hutoka nyuma ukiwa kijani na mzima. Kadiri siku inavyoendelea asidi hukolea, na kilichomo utumboni hugeuka kahawia. Unaweza kujionea mwenyewe: mpasue tilapia wa alfajiri na wa saa 8 mchana, uweke matumbo yao ubavu kwa ubavu juu ya jani la mgomba.

Kwa hiyo maji ya kijani ni chakula chenye protini, na samaki huyu amejaliwa chombo cha kukifungulia bila kuni. Kazi yako ni kuyafanya maji yawe kijani. Masisi ni nchi ya ng'ombe. Jenga kizimba cha fito kwenye pembe ya bwawa, ujaze samadi na majani mabichi, ukikoroge mara kwa mara. Walikale ng'ombe ni wachache, lakini samadi ya kuku na mbuzi, majani laini na mabaki ya jikoni hufanya kazi hiyo hiyo. Ukitumbukiza mkono hadi kiwiko na vidole vikaanza kutoonekana, rangi imetosha. Ukipotelea kwenye kifundo, imezidi, na usiku samaki watakosa hewa. Wengi huiharibu hatua hii kwa kuacha mfereji ukimwaga maji ya kijito bwawani mchana kutwa, wakiamini maji yanayopita ni maji safi. Yanayopita yanaondoka na mbolea yako, na yanaingiza baridi. Ziba mfereji, ufungue tu kufidia maji yaliyokauka au yaliyopenya ardhini.

Baridi yenyewe ni jambo ambalo mwenye bwawa la Masisi analidharau. Ng'ombe hubeba joto lake, nyuzi 38 na zaidi, iwe mvua au jua. Samaki ana joto la maji aliyomo, na vimeng'enya vyake vivyo hivyo. Kwa makadirio ya kawaida, kasi ya vimeng'enya hupungua kwa karibu nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10. Tilapia hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo sana na hazai. Mabwawa ya Walikale, penye mwanga wa kutosha, hukaribia joto analolitaka. Mabwawa ya juu Masisi, hasa yaliyochimbwa bondeni chini ya kivuli na kulishwa na chemchemi, huamka asubuhi yakiwa chini ya hapo. Unga unaomwagwa saa 1 asubuhi kwenye maji ya nyuzi 18 unakutana na tumbo lisilo na asidi na utumbo uliopoa. Utakaoliwa utapita nusu mzima. Usioliwa utazama na kuoza. Ngoja hadi saa 4 asubuhi, jua likishapanda, utoe sehemu ya kwanza, na ya pili saa 9 alasiri. Usitoe kitu jioni.

Hesabu ya kiasi pia iende na joto. Chukua samaki 200 wa gramu 100 kila mmoja: hao ni kilo 20. Penye maji ya joto, asilimia 3 ya uzito wao kwa siku ni gramu 600. Masisi kwenye wiki za mvua na mawingu, toa gramu 300, na siku ambayo hawaji juu kula, usitoe kabisa. Kipimajoto cha bei ndogo kilichofungwa kamba na kuachwa nusu mita chini ya maji kitakuokolea unga mwingi kuliko ushauri wowote. Chimba bwawa penye jua siku nzima na ukate miti ya kandokando, hata kama ni mizuri. Huko juu jua ni sehemu ya chakula.

Kambale ni habari nyingine, na Walikale ndiko anakofaa zaidi. Yeye ni mla nyama: utumbo wake ni mfupi, wakati wa tilapia umezidi urefu wa mwili wake mara kadhaa. Hapati faida kubwa kwenye majani. Anataka protini ya mnyama, na protini ya mnyama kwa kawaida haina vizuizi vya tripsini kama vya soya. Damu ya machinjio iliyochemshwa ikaganda na kukaushwa na pumba, kumbikumbi wa msimu, minyoo, konokono waliopondwa, funza waliofugwa kwenye mabaki: hivyo vyote anavikata bila taabu. Sambaza wakavu wangefaa pia, lakini kumlisha samaki sambaza ambao mtoto wa nyumba ile angewala ni hesabu mbovu, na sioni namna ya kuitetea. Jihadhari na vifaranga vya kambale. Siku za kwanza za kula, tumbo lao halijaanza kutoa asidi wala pepsini. Linakamilika baada ya siku 4 au 5. Wakati huo wanaishi kwa tripsini na wenzake wa kongosho, na kwa wadudu wadogo mno wa majini. Unga mkavu, hata ulio bora, unawapita. Weka samadi bwawani wiki moja au zaidi kabla ya kuvileta vifaranga, ili wakute wadudu hao wameshazaana.

Mabaki mengine yasemwe kwa kifupi. Machicha ya mtama mwekundu na ya kasiksi, pombe ya ndizi, yanafaa kama nyongeza, si kama chakula kikuu. Mtama mwekundu una tanini, ambayo hushikana na protini na vimeng'enya pia. Maganda ya kahawa ya pembe za ziwa yana tanini na kafeini, yaende kwenye mboji ya shamba. Sombe, yaani majani ya muhogo, ianikwe au ichemshwe kwanza, kwa ajili ya sumu yake.

Utasikia pia ushauri wa papai, na kwa Kivu Kaskazini si ushauri wa kubuni. Upande wa Beni watu wamekuwa wakichanja mapapai mabichi miaka mingi ili wapate utomvu wa papaini unaouzwa ng'ambo, na papaini ni kimeng'enya halisi cha kukata protini, cha jamii tofauti na tripsini, kiasi kwamba kizuizi cha soya hakikigusi. Je, si ungechanganya papai bichi na soya mbichi ukaepuka kuni? Hapana. Papaini inaweza kukata sehemu ya protini ya soya ndani ya ndoo, lakini kizuizi kinabaki, na samaki akishameza kinaibana tripsini yake kama kawaida. Papai bichi lililopondwa lina faida ya kulainisha nyama ngumu na mabaki ya samaki kabla ya kuyachanganya na pumba. Lisitumike kufunika soya isiyopikwa.

Mpaka hapa vimeng'enya vimekuwa watumishi. Samaki akifa, havifi naye. Havina habari kwamba mwenyewe ameondoka; huendelea kukata, na kilicho karibu navyo sasa ni ukuta wa tumbo lenyewe. Tazama sambaza wa Ziwa Kivu, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anapofika soko la Sake asubuhi baada ya kuvuliwa usiku akiwa ameshiba wadudu wa majini. Kufika saa sita mchana matumbo ya wengi yamepasuka, nyama ya ubavu imekuwa uji, na bei imeanguka. Watu husema ameoza. Bakteria wana sehemu yao, lakini wa kwanza kufika ni vimeng'enya vyake mwenyewe, na samaki aliyeshiba ana vingi zaidi kuliko mwenye njaa. Sambaza huwezi kumtumbua mmoja mmoja. Huoshwa, hutiwa chumvi na kuanikwa kwa tabaka jembamba asubuhi hiyo hiyo. Tilapia na kambale wa bwawani unawamudu: usiwalishe siku moja nzima kabla ya kuvua, ikiwezekana wakae kwenye tenga penye maji safi utumbo uishe, kisha watumbuliwe mara tu wanapokufa, ule utando mweusi wa ndani usuguliwe, na damu ya uti wa mgongo ioshwe.

Kamba ndiye anayeharibika upesi kuliko wote, kwa sababu kiwanda chake cha vimeng'enya kimo kichwani, kimetenganishwa na nyama ya mkia kwa kitambo kidogo sana. Ukimponda au kumrundika kwenye ndoo hadi jioni, maji ya rangi ya kahawia yanavuja kutoka kichwani, na pete ya kwanza ya mkia, iliyo karibu na kichwa, inakuwa laini kama ugali wa maji. Barafu ingechelewesha tu, na barafu Walikale ni adimu. Ng'oa vichwa pale pale kijitoni na uoshe mikia, au watumbukize wazima kwenye maji ya chumvi yanayotokota mara ufikapo nyumbani. Kaa naye apikwe akiwa hai. Vichwa visitupwe: vikichemshwa na kusagwa, kambale atavipokea vizuri.

Kwenye kukausha kwa moshi, wengi hukosea mwanzo. Huanza na moto mdogo ili samaki asiungue, na kumwacha saa nyingi kwenye joto la nyuzi 50 hivi. Katika vipimo vya maabara, tripsini za samaki wengi wa maji ya joto hukata kwa kasi kubwa kabisa kati ya nyuzi 50 na 60, joto ambalo samaki hakulijua maisha yake yote. Kwa hiyo moto mdogo wa mwanzo unavipa vimeng'enya vilivyobaki saa zao bora za kazi, na samaki anavunjikavunjika kwenye tenga kabla hajafika njia kuu. Anza na moto mkali, nyama ipite nyuzi 70 upesi mpaka katikati, vimeng'enya vife; kisha ndipo upunguze, ufunike kwa majani na uache moshi ufanye kazi yake ya kukausha. Njia ya Walikale hadi Goma ni ndefu, na wakati mwingine imefungwa. Samaki aliyekauka namna hii ana nafasi ya kushindana na samaki wa makayabo na tomson wanaotoka mbali.

Mtu anaweza kuuliza yote haya yana maana gani kwa mkulima ambaye mwaka 2025 huenda alikimbia kijiji chake mara mbili, akarudi na kukuta bwawa limekaushwa na wapita njia. Ni swali la kweli, na jibu lake linabadilisha mpango: bwawa la mita 100 za mraba ni salama kuliko la 400, tilapia wa miezi 5 aliyevunwa ni bora kuliko wa miezi 9 aliyeachwa, na mbolea ya zizi isiyogharimu fedha inapotea kwa uchungu mdogo kuliko magunia ya unga. Lakini umaskini na mashaka ndivyo vinavyofanya soya isiyomeng'enywa kuwa hasara kubwa zaidi. Tajiri anaweza kuupoteza unga nusu, mkimbizi aliyerudi hawezi. Kwa mashirika yanayogawa vifaranga Masisi na Walikale, ombi ni moja: kila mfuko wa vifaranga ufuatane na sufuria kubwa moja kwa kikundi na kipimajoto kimoja, na aliyetumwa kufundisha akae mpaka soya ya kwanza iive mbele yake.